Kumshurutisha Mkubwa Aliyenyamaza

Majengo, Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imefika, pamoja na nakala za zile ulizoiandikia ofisi ya ushirika ya kaunti na ile uliyompelekea Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika, Nairobi. Nimezisoma kwa utulivu, kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikisoma majalada pale masijala ya mahakama kabla sijastaafu.

Hasira yako naielewa. Maziwa ya mama yako yanapimwa kila asubuhi kwenye chama chenu cha ushirika, yanaandikwa kwenye kadi, na malipo hayaji. Mkutano mkuu hauitishwi, hesabu zilizokaguliwa hazisomwi, na mwenyekiti akiulizwa anasema mambo yanashughulikiwa. Umeandika, umepiga simu, umekalishwa kwenye benchi la wageni. Sasa wewe na wenzako wachache mnataka kuchanga pesa, mumshike wakili, mwende Mahakama Kuu mkaombe Kamishna ashurutishwe kukichunguza chama. Unaniuliza kama korti ina uwezo huo.

Uwezo inao. Lakini mkienda na karatasi mlizonazo leo mtashindwa, na huenda mkatwikwa gharama za kesi juu yake. Haki mnayo, ila sheria imemwekea mipaka anayetaka kumshtaki ofisa kwa kutotenda, na mipaka hiyo ukiifuata mmoja mmoja, karibu yote inakurudisha kwa wanachama wenzako. Hilo ndilo nataka ulishike.

Tuanze kwa kuwatenganisha watu, maana barua zako zimewachanganya. Kuna kamati yenu, halafu kuna Kamishna. Kila mmoja ana mlango wake wa kushtakiwa.

Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, iliyopitishwa mwaka 1997, inasema katika kifungu cha 76 kwamba mzozo unaohusu shughuli za chama, ukiwa ni kati ya wanachama wenyewe, au kati ya mwanachama na chama, kamati au ofisa wa chama, au kati ya chama na chama kingine, upelekwe mbele ya Jopo la Ushirika. Deni ambalo mwanachama anakidai chama limo humo, chama kilikiri au kisikiri. Kwa hiyo pesa za maziwa ya mama yako hazihitaji ruhusa ya Kamishna wala uchunguzi wake. Kadi za mizani, taarifa za malipo ya zamani na barua ya kudai zinatosha kufungua shauri mbele ya Jopo. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Kamishna hayumo katika orodha hiyo ya kifungu cha 76, kwa hiyo Jopo silo mahali pa kulalamikia ukimya wake. Vilevile Mahakama Kuu, mnapoiomba amri ya kumshurutisha ofisa wa umma, haitakubali muipitishie humo kamati yenu. Kamati ni ya watu waliojiunga kwa hiari yao, na haikukabidhiwa kazi ya serikali. Mkiwashtaki wote katika ombi moja, nusu ya ombi itatupwa kabla hata hoja haijasikizwa, na siku ile mtakuwa mnamlipa wakili kwa kusikiza mabishano ya mlango upi ni wenu.

Sasa tumwangalie Kamishna. Barua yako imesema kwamba "anatakiwa kisheria" kuchunguza chama. Je, anatakiwa? Fungua kifungu cha 58. Kimempa njia tatu za kufikia uchunguzi wa sheria ndogo, uendeshaji na hali ya fedha ya chama. Ya kwanza ni kwa kupenda kwake mwenyewe: akiona inafaa, ataufanya. Ya pili ni Waziri akimwagiza, na hapo hana hiari tena. Ya tatu ni wanachama wakiomba, na hapo pia hana hiari, mradi ombi litoke kwa angalau theluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano wa chama uliotangazwa ipasavyo.

Barua yako na ya wenzako kumi na wawili iko chini ya njia ya kwanza. Mmemwarifu Kamishna, mmemwomba, naye ana hiari ya kusema ndiyo au la. Korti haimshurutishi ofisa atumie hiari yake upande fulani. Msingi huo umekaa siku nyingi, na kesi inayotajwa karibu kila siku katika korti zetu ni ile ya Baraza la Mitihani la Kenya iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1997, ambapo watahiniwa kumi walikuwa wamelishtaki baraza hilo. Mahakama ilieleza kwamba amri ya kushurutisha hutolewa kwa kazi ya umma ambayo sheria imemtwika mtu naye hakuifanya, na kwamba sheria ikimwachia mtu huyo achague namna ya kuifanya, korti haimchagulii. Kumshtaki ofisa kwa jambo aliloachiwa hiari ni kumkamua fahali: utachoka wewe, na ndoo itabaki kavu.

Najua utasema sheria hii imewatengenezea wakubwa maficho. Kuna ukweli, na nitaurudia mwishoni. Lakini kwanza ujue ilikotoka, kwa kuwa babu yako aliishi chini ya sheria iliyokuwa kinyume chake.

Ushirika ulianza Kenya kama jambo la walowezi. Chama cha Lumbwa kilianzishwa 1908, na Waafrika hawakufunguliwa njia hasa mpaka sheria ya 1945. Baada ya uhuru ikaja sheria ya 1966, iliyompa Kamishna mkono mrefu. Bajeti za vyama zilihitaji idhini ya serikali, na hundi hazikwenda benki bila sahihi ya ofisa wake. Wakati huo mwanachama aliyelalamika alikuwa na mtu wa kumlalamikia, kweli, lakini chama kilikuwa kama idara ya serikali, na ofisa mbaya aliweza kukiangusha chama kizuri bila kuulizwa. Sheria ya 1997 ilikuja na upepo wa soko huria, ikauondoa mkono huo na kuwaachia wanachama chombo chao. Vyama vingi, hasa vya kahawa, viliingia katika ugomvi na wizi, na mwaka 2004 Bunge likairekebisha sheria, likamrudishia Kamishna sehemu ya meno yake. Hiyo ndiyo sheria tuliyo nayo. Inasema chama ni cha wanachama, na mkutano mkuu ndio mamlaka ya juu kabisa. Serikali inaweza kuingia ikitaka. Inalazimika kuingia pale wanachama wenyewe, wakiwa wamekaa kikao, wanapoiita.

Ndiyo sababu nasema mpango wenu umeanzia mwisho. Mnatafuta wakili kabla ya kutafuta theluthi.

Wala usikimbilie kupitisha karatasi ya sahihi sokoni. Sahihi mia tano zilizokusanywa nyumba kwa nyumba si ombi la kifungu cha 58. Sheria inataka mkutano, tangazo lililotolewa ipasavyo, watu waliohudhuria na kura iliyohesabiwa. Nimeona wanachama waliokuja na mafaili mazito ya sahihi na alama za vidole, na wakili wa serikali akauliza swali moja tu: mkutano ulifanyika lini? Hapakuwa na jibu.

Utaniambia kamati haitaki kuitisha mkutano, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kifungu cha 27 kimeliona hilo. Wanachama wa idadi iliyowekwa na kanuni wanaweza kutia sahihi notisi ya kudai mkutano mkuu maalum, wakieleza madhumuni na sababu zake. Kamati isipouitisha ndani ya siku 15 tangu ipokee notisi, wale walioudai wanaweza kuuitisha wenyewe, kwa notisi kwa wanachama wengine inayotaja madhumuni, sababu, na kwamba kamati imeshindwa kuuitisha. Kamishna pia anaweza kuitisha mkutano kama huo, lakini hiyo tena ni hiari yake.

Kwa hiyo sahihi mnazihitaji, ila kazi yake ni kuita mkutano. Tafuteni kwanza kanuni za ushirika na sheria ndogo za chama mjue idadi inayotakiwa na siku za tangazo. Mkinyimwa nakala, kifungu cha 21 kinampa kila mwanachama haki ya kupata taarifa halali za chama katika ofisi yake kuu: sheria ndogo, kumbukumbu za mikutano, hesabu za mwaka, ripoti za uchunguzi. Mkikataliwa hizo, huo nao ni mzozo wa kupeleka kwa Jopo, na kukataa kwao kutakuwa ushahidi wenu.

Siku ya mkutano, fanyeni mambo kama watu wanaojua kwamba jaji atasoma. Daftari la waliohudhuria, majina na nambari za uanachama. Ajenda iliyo sawa na ile iliyotangazwa. Azimio lililoandikwa kwa maneno yaleyale ya kifungu: tunaomba Kamishna afanye uchunguzi wa sheria ndogo, uendeshaji na hali ya fedha ya chama. Kura zihesabiwe, waliokubali, waliokataa na waliojizuia, na idadi iingizwe katika kumbukumbu. Mkutano wa aina hii watu huja na jazba, na yupo atakayetaka mwenyekiti azomewe mpaka atoke. Mzuieni. Fujo ikitokea, wakili wa serikali atasema huo haukuwa mkutano bali mkusanyiko.

Na uwaambie wanachama jambo ambalo wengi hufichwa mpaka baadaye. Kifungu cha 60 kinamruhusu Kamishna kugawa gharama za uchunguzi kati ya chama, wanachama waliouomba, na maofisa wa sasa au wa zamani. Anayeinua mkono ajue kwamba mkono huo unaweza kuulizwa pesa. Afadhali wapungue wanaokubali kwa kujua kuliko kuwa wengi wa kudanganywa.

Azimio likishapatikana, ndipo barua mpya iandikwe, na hii iwe tofauti na zile za kwanza. Zile zilikuwa kilio: zimejaa maneno "tunaomba mheshimiwa utusaidie". Hii iwe dai. Itaje kifungu cha 58, itaje tarehe ya mkutano na hesabu ya kura, iambatishe kumbukumbu, daftari na tangazo, iseme wazi kinachotakiwa kufanywa, na impe muda wa kueleweka wa kujibu. Amri ya kushurutisha huombwa na mtu aliyedai akakataliwa, au aliyedai akapuuzwa mpaka kupuuzwa kwenyewe kukawa sawa na kukataliwa. Barua ya unyonge haithibitishi dai. Ipelekwe kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na aliyepokea aandike jina lake. Muhuri huo una thamani kuliko kurasa kumi za hati ya kiapo.

Ipeleke kwa nani? Hapa pana mtego wa kisasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka vyama vya ushirika miongoni mwa kazi za kaunti, wakati Sheria ya 1997 inamtaja Kamishna, ambaye ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo ofisa wa kaunti anaweza kukuambia uende Nairobi, na wa Nairobi akakurudisha kaunti, nawe ukawa mpira. Korti ikiombwa imshurutishe mtu, itauliza ni nani hasa aliyetwikwa kazi hiyo na sheria. Kwa uchunguzi wa kifungu cha 58, aliyetajwa ni Kamishna. Mwelekeze barua yeye, nakala kwa mkurugenzi wa ushirika wa kaunti, na nyingine kwa Waziri.

Nakala ya Waziri usiione kama adabu tu. Nimekwambia Waziri akimwagiza Kamishna, hiari ya Kamishna inakwisha. Basi mwandikieni Waziri barua yake mwenyewe, mkimwomba atoe agizo. Na hili linanifikisha kwenye mpaka unaowaangusha wengi zaidi.

Sheria ya Hatua ya Haki ya Kiutawala ya 2015, iliyotungwa kutimiza kifungu cha 47 cha Katiba, inahesabu hata kutotenda kuwa hatua ya kiutawala inayoweza kupingwa. Hilo ni jambo kubwa, maana zamani ofisa aliyekaa kimya alikuwa na nafuu kuliko aliyeamua vibaya. Lakini kifungu chake cha 9 kinasema Mahakama Kuu haitasikiliza ombi mpaka njia nyingine zote zilizowekwa na sheria ziwe zimetumika. Wazo hilo ni la zamani kuliko sheria hiyo. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kulisema mwaka 1992, katika kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya Karume: palipowekwa njia maalum ya kutatua lalamiko, ifuatwe hiyo. Upo mwanya wa kusamehewa sharti hilo kwa sababu za kipekee, ila lazima muuombe, na mwonyeshe kwa nini. Halisameheki lenyewe. Jaji akiuliza "Mlimwandikia Waziri?" nanyi mkatazamana, atawarudisha nyumbani.

Katika kufuata njia hizo msiisahau Tume ya Haki ya Utawala, ile yenye kaulimbiu isemayo hata mnyonge ana haki. Kazi yake ni malalamiko ya namna hii hii: ucheleweshaji, uzembe, ofisi zisizojibu. Haina nguvu za jaji, lakini barua yake ikifika mezani kwa ofisa, mara nyingi faili lililopotea huonekana. Na ukitaka nyaraka zilizo mikononi mwa serikali kuhusu chama chenu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu ombi.

Sasa nikuonyeshe mtego wa wakati, kwa sababu umeandika kwamba hoja yenu kuu ni "kucheleweshwa kupita kiasi". Iache isiwe hoja kuu. Sheria hiyo ya 2015, kifungu cha 7, inakubali ucheleweshaji kuwa sababu ya kupinga, kisha mbele kidogo inaubana: korti haitalipokea ombi la ucheleweshaji mpaka iridhike kwamba ofisa ana wajibu wa kutenda, kwamba sheria imeweka muda maalum wa kutenda, na kwamba muda huo umepita bila yeye kutenda. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ushirika hakikumwekea Kamishna siku za kuanza uchunguzi. Mkijenga kesi yenu juu ya ucheleweshaji pekee, sharti la pili litawakwamisha.

Jengeni juu ya nguzo nyingine, iliyo katika kifungu hicho hicho cha 7: kushindwa kutimiza wajibu uliowekwa na sheria. Hiyo haikufungwa na lile sharti la muda. Kisha isaidieni kwa Sheria ya Tafsiri na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, ambayo kwa bahati nayo ni kifungu cha 58: pale ambapo sheria haikutaja muda wa kufanya jambo, jambo hilo lifanywe bila kuchelewa pasipo sababu. Na Katiba yenyewe inadai hatua za kiutawala ziwe za haraka. Wakili mzuri atazifunga hoja hizo tatu pamoja. Lakini angalia: zote zinasimama juu ya kuwapo kwa wajibu, na wajibu unatokana na ile theluthi. Bila mkutano hakuna wajibu, na bila wajibu hata wakili wa Nairobi mwenye jina hana pa kuanzia.

Tuseme mmefika, mmeshinda. Mtatoka na nini? Mtatoka na amri kwamba Kamishna aufanye uchunguzi, na labda korti imwekee tarehe. Haitamwambia agundue wizi. Haitamwambia aivunje kamati. Akishamaliza, ni lazima aripoti matokeo mbele ya mkutano mkuu wa chama na kutoa maelekezo ya kutekeleza mapendekezo. Akiridhika kwamba kamati haifanyi kazi yake ipasavyo, anaweza kuivunja na kuweka kamati ya muda ya watu wasiozidi watano kwa siku zisizozidi 90. Anaweza pia, chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Ushirika, kumchunguza mtu aliyetumia vibaya mali ya chama na kumwamuru arejeshe. Hayo mawili ya mwisho yamerudi kwenye hiari. Ndiyo maana siku ya ripoti mjae ukumbini kuliko siku ya kura, kwa kuwa mapendekezo yasiyo na wanachama wa kuyasukuma hulala.

Kuna jambo jingine ambalo litakushangaza. Kamishna akijibu kwamba amekataa, hiyo ni habari njema kuliko kimya. Kukataa ni uamuzi, na uamuzi una mkia wa kuushika. Unaweza kudai sababu kwa maandishi, na asipozitoa, kifungu cha 6 cha sheria ya 2015 kinaifanya korti ichukulie kwamba hakuwa na sababu nzuri, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Unaweza kuomba uamuzi huo ubatilishwe. Lakini mwenye kwenda kwa njia ya kale ya kuomba kubatilisha ana miezi sita tu tangu uamuzi ulipotolewa, na korti zetu zimekuwa kali sana juu ya miezi hiyo. Kimya nacho hakina tarehe. Kimya cha ofisi hakina mshindo, na ndiyo hatari yake: mwaka unapita, kamati inachaguana upya, vitabu vya hesabu vinahama, na wewe bado unangoja jibu. Kwa hiyo dai lako liseme kwamba usipojibiwa kufikia tarehe fulani, utahesabu kuwa umekataliwa. Korti haitafungwa na maneno yako, lakini itaona kwamba hukulala.

Nimekuahidi kusema pale ambapo sheria yenyewe ina kasoro. Naiona katika mambo mawili. Kwanza, Bunge lingeweza kuandika kwamba Kamishna akipokea ombi la wanachama aanze uchunguzi ndani ya siku kadhaa. Mstari huo mmoja ungeufungua mlango wa ucheleweshaji uliofungwa na sheria ya 2015. Pili, sheria imempa haki mwenye wenzake. Mjane mwenye ng'ombe mmoja, anayekaa mbali na barabara, ambaye jirani zake wote wana deni kwa mwenyekiti na hawathubutu kuinua mkono, huyo kwa Kamishna ana ombi tu, hana dai. Mlango wa Jopo uko wazi kwake kwa pesa zake, lakini kwa uozo wa chama hana nguvu ya peke yake. Muswada mpya wa ushirika ukija kwenu kwa maoni ya wananchi, simama uyaseme hayo mawili.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema basi Kamishna apewe wajibu wa kuingia kila anapolalamika mtu mmoja. Ofisi inayolazimika kuingia kila mahali ndiyo ileile iliyokuwa ikitia sahihi hundi za babu yako. Na mwenyekiti mjanja asingekosa mtu mmoja wa kulalamika dhidi ya kamati mpya mliyoichagua ninyi. Theluthi ya mkutano ni kizingiti, lakini si mlima. Chama kisichoweza kupata theluthi ya waliohudhuria kuomba vitabu vifunguliwe kina tatizo ambalo korti haina dawa yake, na mkilitatua hilo huenda hata korti msiihitaji, maana kamati ikiona tangazo la mkutano limebandikwa penye mizani ya maziwa, malipo mara nyingine hupata njia.

Kwa hiyo pesa mtakazochanga zisiende kwa wakili bado. Zitumike kwa nakala za sheria ndogo, kwa nauli ya kuzungukia vituo vya kupokelea maziwa, na kwa matangazo. Kesi ya mama yako ya malipo ifungueni kwa Jopo sasa hivi, isingoje. Notisi ya kudai mkutano iandikwe wiki hii, na mpokeaji wa kamati atie sahihi, ili zile siku 15 zianze kukimbia. Rasimu niletee niipitie. Wakili tutamtafuta pamoja wakati wake ukifika, na atakuwa na kazi nyepesi.

Mwambie mama yako kadi zake za mizani azitie kwenye mfuko wa plastiki na asimpe mtu yeyote zile halisi, hata akija na barua ya ofisi. Anayezitaka apewe nakala. Na siku utakapopata jibu la Kamishna, liwe la kukubali au la kukataa, andika tarehe juu ya bahasha na unipigie simu siku hiyohiyo, maana likiwa la kukataa, miezi sita inahesabika tangu uamuzi ulipotolewa.

Wasalaam,

Mjomba wako